Uzio si hati: Mambo ya kupanga kabla ya kuzungushia shamba jipya

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi sasa, wakazi wa Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na miji mingine mikubwa nchini wamekuwa wakielekeza akiba zao katika ununuzi wa mashamba. Wapo walionunua Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo, na wapo waliokwenda mbali zaidi hadi Handeni, Kilosa na Mvomero. Baadhi wanakusudia kupanda mikorosho, miembe au minazi, wengine kufuga ng'ombe na mbuzi, na wengine wanataka tu kuwa na ardhi ya kuwaachia watoto wao.

Pamoja na tofauti hizo, wengi wao hufanana katika jambo moja. Fedha ya kwanza wanayoitumia baada ya kumlipa muuzaji huenda katika uzio. Haraka hiyo inaeleweka. Mwenye shamba anaishi mjini, hufika shambani mwisho wa wiki au mwisho wa mwezi, na anahofia kwamba siku moja atakuta mifugo ya watu inakula miche yake au mtu mwingine amejenga kibanda ndani ya eneo lake.

Hata hivyo, uzio uliojengwa kwa haraka unaweza kuwa chanzo cha hasara kubwa kuliko ile uliokusudiwa kuizuia. Ukivuka mpaka, utang'olewa na gharama zake zitapotea. Ukiwekwa ndani ya mpaka, utawafanya majirani waamini kuwa ardhi iliyobaki nje ni yao. Ukiziba njia ya kwenda kisimani, utazua uhasama ambao hautakwisha kwa kuongeza waya. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa kuelewa tangu mwanzo kwamba uzio haumpi mtu haki ya kumiliki ardhi. Kazi yake ni kuilinda haki ambayo tayari imethibitishwa na kutambuliwa na wengine.

Mipaka kwanza, nguzo baadaye

Hatua ya kwanza ni kujua shamba liko katika ardhi ya aina gani. Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999, zimeigawa ardhi ya Tanzania katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kwa mujibu wa sheria hizo, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachokinunua mtu, kwa hiyo, ni haki ya kuitumia ardhi kwa masharti yaliyowekwa.

Mashamba mengi yanayouzwa kwa wakazi wa mijini yamo ndani ya ardhi ya vijiji. Ardhi ya namna hiyo haihami kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa karatasi iliyosainiwa na watu wawili chini ya mwembe. Halmashauri ya Kijiji inapaswa kuhusishwa na kuridhia, na kumbukumbu za uamuzi wake ziwepo katika ofisi ya kijiji. Mnunuzi ambaye hajakamilisha jambo hilo hana sababu ya kununua hata nguzo moja.

Baada ya hapo hufuata vipimo. Katika maeneo mengi ekari bado hupimwa kwa miguu, kwa kanuni ya hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ina mita za mraba 4,047, yaani eneo la mraba lenye upande wa takriban mita 63.6. Hatua 70 za mtu mrefu anayetupa mguu kwa sentimita 90 ni mita 63, na hapo ekari inakaribia kutimia. Lakini hatua 70 za sentimita 75 ni mita 52.5 tu, na eneo linalopatikana ni mita za mraba 2,756. Mnunuzi wa namna hiyo amelipia ekari moja na kupewa chini kidogo ya robo tatu yake.

Ni vyema, kwa hiyo, kumtumia mpima ardhi aliyesajiliwa. Kama shamba lina hati, mpima atalinganisha ramani yake na bikoni zilizopo ardhini na kuonyesha iliyong'olewa au kusogezwa. Kama halijapimwa, ataweka alama mbele ya majirani na viongozi wa kijiji. Simu za mkononi na vifaa vidogo vinavyosoma mahali kwa satelaiti husaidia kupata picha ya jumla, lakini havitoshi kuamulia mpaka, kwani vinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Katika shamba la ekari 10 lenye umbo la mraba, kosa la mita 5 kwenye upande mmoja ni sawa na takriban mita za mraba 1,000, yaani robo ekari.

Majirani wote wanaopakana na shamba wanapaswa kuwapo siku ya kuonyesha mipaka, wakiwa pamoja na Mwenyekiti wa Kitongoji au Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Kila kona itembelewe kwa miguu, mchoro uandaliwe, na wote waliokuwapo waweke saini. Karatasi hiyo ina thamani kubwa siku ya shauri kuliko mstari wa waya uliojengwa na upande mmoja.

Mgogoro ukizuka, njia za kisheria zipo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka ngazi kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hadi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu na halitoi hukumu. Aidha, muda wa kufungua shauri la kudai ardhi ni miaka 12. Mwenye shamba anayeona jirani amevuka mpaka na akanyamaza kwa sababu yuko mjini, anapunguza nafasi yake ya kuipata tena ardhi hiyo kila mwaka unaopita.

Barabara, mito na njia za watu

Mpaka ulio kwenye hati si lazima uwe ndio mstari wa uzio. Kuna maeneo ambayo sheria inazuia kujenga hata kama yanaonekana kuwa sehemu ya shamba.

Kwanza ni barabara. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Uzio uliojengwa ndani ya hifadhi hiyo baada ya sheria unaweza kuwekewa alama ya kubomolewa. Pili ni vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa, maziwa na ufukwe wa bahari. Tatu ni njia za umeme mkubwa, ambazo nazo zina ukanda wake usioruhusiwa kujengwa, na upana wake huongezeka kadiri umeme unavyokuwa mkubwa.

Nne ni njia za watu na mifugo. Sheria ya Ardhi inatambua haki ya kupita katika ardhi ya mwingine. Lakini hata pasipo kwenda mahakamani, busara inatosha. Njia inayotumiwa na wanafunzi kwenda shule, na kina mama kwenda kisimani, haikuanza siku shamba liliponunuliwa. Mnunuzi anayeiziba bila kutoa njia nyingine atakuta waya umekatwa kila asubuhi. Suluhisho ni kukubaliana mapema na uongozi wa kijiji kuhusu mahali ambapo njia itasogezwa, au kuacha ukanda nje ya uzio kwa ajili ya wapitao.

Suala la mapito ya mifugo ni zito zaidi. Taifa halijasahau kilichotokea Desemba 2000 katika Kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, ambako watu 38 waliuawa katika mapigano kati ya wafugaji na wakulima. Ugomvi wa malisho, maji na mashamba ulikuwa umechemka kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo. Anayenunua shamba katika maeneo yenye wafugaji anapaswa kuuliza ng'ombe hupita wapi wakati wa kiangazi kuelekea mtoni au kwenye lambo, na kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi unaoonyesha njia hizo. Uzio unaokata njia ya ng'ombe 500 wenye kiu hauwezi kuhimili kishindo chao, hata ukiwa na waya wa aina gani.

Walio karibu na hifadhi wanapaswa pia kuulizia shoroba za wanyamapori. Ushoroba wa Kwakuchinja, unaounganisha Hifadhi za Taifa za Tarangire na Ziwa Manyara, ni mfano wa eneo ambalo nyumbu, pundamilia na tembo wamekuwa wakilipita. Uzio katika maeneo ya aina hiyo si uamuzi wa mwenye shamba peke yake. Mamlaka za wanyamapori zinapaswa kuulizwa kwanza.

Mzee wa kale aliyejua kuweka mpaka

Watu wa nchi hii walikuwa wakiweka mipaka kabla waya haujafika. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, mmea wa sale hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, na hutumika pia kuombea msamaha mtu anapomkosea mwenzake. Mmea huo ni mwembamba na hauwezi kumzuia hata mbuzi. Nguvu yake inatokana na ukweli kwamba kila jirani anajua aliupanda nani, ulipandwa lini na maana yake ni nini.

Kwa Wasukuma wa Shinyanga, eneo la malisho liitwalo ngitili hufungwa wakati wa masika ili majani yake yatumike kiangazi. Aghalabu halina waya wala ukuta. Linalindwa na makubaliano ya kijiji, sungusungu na adhabu za mkutano wa jadi uitwao dagashida. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulitumia utaratibu huo kurejesha uoto katika mamia ya vijiji vilivyokuwa vimegeuka nusu jangwa.

Mifano hiyo inamfundisha mnunuzi mgeni kwamba ulinzi wa kwanza wa shamba ni watu wanaolizunguka. Kujitambulisha kwa majirani, kuajiri mlinzi kutoka kijiji hicho hicho na kushiriki katika michango ya shule au zahanati ni sehemu ya bajeti ya uzio, ingawa havimo katika orodha ya vifaa vya duka la ujenzi.

Uzio wa kumzuia nani?

Swali linalopaswa kujibiwa kabla ya kuchagua vifaa ni hili: uzio unakusudiwa kumzuia nani asiingie, au kumzuia nani asitoke? Jibu tofauti huhitaji uzio tofauti.

Ng'ombe huzuiwa na nyuzi 4 au 5 za waya wa miiba, maarufu kama seng'enge, zenye kimo cha takriban mita 1.2. Mbuzi ni msumbufu zaidi, kwani hupita katikati ya nyuzi na kupanda juu ya chochote kilichoegemea uzio. Kwa mbuzi na kondoo unafaa wavu, au nyuzi nyingi zilizokaribiana hasa sehemu ya chini. Nguruwe pori na ngiri hufukua, hivyo wavu hauna budi kuzamishwa ardhini. Nyani na ngedere huruka na kupanda, na hakuna seng'enge inayowazuia. Kwao, mlinzi wa mchana na mbwa hufaa zaidi.

Tembo ni suala la peke yake. Nchini Kenya, uzio wa umeme wenye urefu wa takriban kilomita 400 ulijengwa kuzunguka Milima ya Aberdare kati ya mwaka 1989 na 2009, lakini hiyo ilikuwa kazi ya miaka 20 na mamilioni ya fedha. Kwa mkulima mdogo, njia iliyofanyiwa majaribio huko huko Kenya na kuenea hadi Tanzania ni kutundika mizinga ya nyuki kwenye waya unaozunguka shamba. Tembo huogopa nyuki. Anapogusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi nyuma. Mkulima hupata asali kama ziada.

Kwa simba na fisi wanaovamia zizi usiku, jamii za wafugaji wa Simanjiro zimekuwa zikitumia maboma yenye ukuta hai: miti ya asili hupandwa kwa ukaribu kuwa nguzo zisizooza, kisha wavu imara wa waya hufungwa juu yake. Faida yake ni kwamba linalozungushiwa ni zizi, wala si shamba zima.

Hapo ndipo lilipo jambo linalosahauliwa na wengi. Si lazima ekari zote zizungushiwe kwa uzio mmoja wa gharama. Kitalu cha miche, zizi la ndama, bustani ya mboga na nyumba ya mlinzi vinaweza kupewa uzio imara, huku sehemu nyingine ikiwekewa alama na ua wa mimea.

Hesabu ya mzingo

Gharama ya uzio haitegemei idadi ya ekari pekee, bali inategemea pia mzingo, na mzingo hutegemea umbo la shamba. Shamba la ekari 10 lenye umbo la mraba lina pande za takriban mita 201 na mzingo wa mita 805. Ekari hizo hizo 10 zikiwa ukanda wenye upana wa mita 100, mzingo unakuwa takriban mita 1,010. Upana ukiwa mita 50 tu, mzingo unafika mita 1,718, yaani zaidi ya mara mbili ya shamba la mraba. Mnunuzi anayechagua kati ya mashamba mawili ya bei moja anapaswa kuliangalia jambo hili kabla ya kulipa.

Ukubwa nao una nafasi yake. Ekari 1 ya mraba huhitaji mita 254 za uzio. Ekari 10 huhitaji mita 80 kwa kila ekari, na ekari 50 huhitaji takriban mita 36 kwa kila ekari. Majirani wawili walionunua vipande vinavyopakana wanaweza kuokoa fedha nyingi kwa kujenga uzio mmoja wa pamoja, mradi makubaliano yao ya gharama na matengenezo yawe kwa maandishi.

Tuchukue shamba la mraba la ekari 10. Nguzo zikisimama kila baada ya mita 3, zitahitajika takriban 270. Nyuzi 5 za seng'enge kuzunguka mita 805 ni mita 4,025. Ukiongeza asilimia 5 kwa ajili ya kufunga na kukata, ni takriban mita 4,230. Kama roli moja lina mita 500, yatahitajika maroli 9. Mnunuzi asisahau kuuliza roli lina mita ngapi, kwa kuwa maduka mengi huuza kwa uzito, na maroli mawili yenye kilo sawa yanaweza kutofautiana sana kwa urefu kulingana na unene wa waya.

Nguzo, waya na ua hai

Uzio wa waya huanguka kwa sababu ya pembe zake. Nguzo za kona ndizo zinazobeba mvuto wa waya wote, hivyo ziwe nene kuliko nyingine, zizamishwe angalau sentimita 90 na ziwekewe mihimili ya kuziegemeza. Nguzo za kati zinaweza kuzamishwa sentimita 60. Waya ukazwe kwa kifaa maalumu, wala usivutwe kwa mikono, na usifungwe kwa kuuzungusha kwenye miti hai inayoendelea kunenepa, kwani mti huumeza waya na baadaye huukata.

Mchwa ndio adui mkubwa wa nguzo za miti. Mkaratusi mbichi uliokatwa na kusimikwa hivi hivi unaweza kuoza chini baada ya misimu michache. Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani hudumu muda mrefu zaidi, na nguzo za zege hazili mchwa wala moto. Oili chafu ambayo wengi huipaka huchelewesha tu uharibifu, na huchafua udongo. Kwa mashamba ya Bagamoyo, Mkuranga na maeneo mengine ya mwambao, hewa ya chumvi hula waya upesi, kwa hiyo ni afadhali kununua waya wenye tabaka nene la zinki hata kama bei yake ni ya juu.

Ua hai ndio chaguo la gharama nafuu kwa mwenye subira. Michongoma huota miiba mikali na ikipogolewa vizuri hujenga ukuta usiopenyeka, ingawa huchukua miaka kadhaa kufunga. Minyaa huota upesi kutokana na vijiti vilivyochomekwa ardhini, lakini utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho, hivyo isipandwe karibu na mahali wanapocheza watoto. Mbono kaburi hauliwi na mifugo, na kwa sababu hiyo umekuwa ukitumika kama ua kwa vizazi vingi, ila mbegu zake ni sumu. Mkonge hufaa katika maeneo makavu. Mimea hii yote ipandwe mwanzoni mwa mvua, yaani kuelekea masika au vuli kwa maeneo ya Pwani, na ilindwe dhidi ya moto na mbuzi katika miaka miwili ya kwanza.

Uchaguzi wa mmea hautaki pupa. Huko Baringo nchini Kenya, mti uitwao mathenge uliopelekwa katika miaka ya 1980 kuzuia jangwa ulisambaa na kuvamia malisho, kiasi kwamba mwaka 2006 wakazi waliishitaki Serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mmea mgeni unaosifiwa kuwa hauhitaji matunzo yoyote ndio wa kuulizia zaidi kwa ofisa ugani.

Uzio wa umeme nao unazidi kutumika kwa msaada wa sola. Uzio huu hutumia kifaa maalumu kinachopeleka umeme kwa mapigo mafupi, takriban moja kila sekunde, ambayo humshtua mnyama bila kumuua. Kamwe waya wa shambani usiunganishwe moja kwa moja na umeme wa nyumbani, kwani hilo ni kosa linalogharimu maisha ya watu. Kifaa hicho pia hakitafanya kazi ipasavyo kama waya wake wa ardhi ("earth") haukuunganishwa vizuri na ardhi, au kama majani yameachwa yaguse waya.

Malango, maji na moto

Malango yapangwe kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Lango kuu liwe na upana wa takriban mita 4 ili trekta na lori viweze kuingia, na liwe mahali pakavu ambapo gari halitazama wakati wa masika. Lango la mifugo huwa bora likiwa kwenye kona, kwa sababu wanyama wanaoswagwa hufuata uzio mpaka mwisho wake. Malango yakizidi, wezi huongezewa nafasi, na yakiwa machache mno, wafanyakazi watakata waya ili kufupisha njia.

Ni muhimu shamba litembelewe angalau mara moja wakati wa mvua kubwa kabla ya kujenga. Korongo linaloonekana kama mtaro mkavu mwezi Septemba linaweza kuwa mto mwezi Aprili. Uzio unaokatiza korongo ukikazwa kama sehemu nyingine, utakusanya takataka, utageuka bwawa na hatimaye utabebwa wote. Mahali hapo panahitaji kipande kinachojitegemea, kinachoning'inia na kuweza kung'oka peke yake bila kuvuta nguzo nyingine.

Kwa maeneo ya pori, barabara ya kuzuia moto yenye upana wa mita 3 hadi 5 ifyekwe upande wa ndani wa uzio kabla ya kiangazi kukolea. Ukanda huo hulinda nguzo, na pia humwezesha mlinzi kuzunguka na kuona palipokatwa.

Kwenda kwa hatua

Kwa ujumla, mwenye kipato cha kawaida hana haja ya kumaliza kila kitu katika mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza unaweza kutumika kuthibitisha umiliki, kupima, kuweka bikoni, kukubaliana na majirani na kufyeka mstari wa mpaka. Msimu wa mvua unaofuata upande ua hai kuzunguka eneo lote, na uzio imara ujengwe kwenye sehemu ndogo yenye mali ya kupotea. Baada ya mavuno ya kwanza, seng'enge inaweza kuongezwa upande mmoja mmoja, kwa kuanza na ule unaopakana na barabara au njia ya mifugo.

Bajeti iache pia fungu la matengenezo. Uzio usiokaguliwa kila mwezi huanza kulegea kwenye uzi mmoja, ng'ombe mmoja hujifunza kupita, na baada ya msimu kundi zima humfuata. Nyundo, koleo, misumari ya umbo la U na mabaki ya waya vinapaswa kuwapo shambani wakati wote, na mlinzi awe anajua kuvitumia.

Mnunuzi akifuata utaratibu huu, huenda majirani wenye mashamba mapya wakawahi kumaliza uzio kabla yake. Lakini siku yatakapoulizwa maswali kuhusu mpaka, atakuwa na ramani, saini za waliokuwapo na bikoni zinazoonekana, na nguzo zake zitakuwa zimesimama palipokubaliwa na wote.